Mti, nyumbu na mkebe wa makaa: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimegongana mlangoni, karibu zote zikiuliza jambo moja kwa sura tofauti: mazingira yakihifadhiwa, nani anapata na nani anagharamia? Tumejibu sita. Palipo na neno "tuseme", bei ni ya mfano tu. Weka bei ya siku yako mahali pake, hesabu itabaki ileile.

Kampuni imekuja huku Gatanga na fomu za kaboni. Wanataka tupande mikima (grevillea) na miti ya kienyeji, tusiikate kwa miaka 30, nao watatulipa. Tuko wanachama 42, wengi wetu tuna ekari moja au chini. Tutie sahihi?
*Katibu wa kikundi, Murang'a*

Katibu, msitie sahihi kabla hamjapima. Hesabu hii inafanyika kwa futi ya fundi cherehani na simu.

Chagueni mti uliokwisha kukua katika shamba la mmoja wenu. Pimeni mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, simameni upande wa juu. Gawanyeni mzunguko huo kwa 3.14 mpate kipenyo. Mti wenye mzunguko wa sentimita 63 una kipenyo cha sentimita 20. Sasa lazeni simu ili kikokotoo kionyeshe vipeo, kisha mpigie hesabu mlinganyo uliotokana na miti ya mashamba ya magharibi mwa Kenya: kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha 2.472, halafu mara 0.091. Kwa mti huu mtapata kilo 150 hivi za mbao, matawi na majani makavu. Ongezeni robo kwa ajili ya mizizi, zifike kilo 187. Karibu nusu ya uzito huo, yaani asilimia 47, ni kaboni: kilo 88. Kila kilo ya kaboni imetokana na kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo mti umevuta kilo 320 na kidogo. Hati moja ya kaboni ni tani moja. Miti mitatu ya kipenyo hicho, hati moja.

Haya, tuseme mkulima ana miti 100 kwenye mipaka ya ekari yake na imefika unene huo baada ya miaka 12. Hiyo ni tani 32, au tani 2.7 kwa mwaka. Miradi mingi hutenga asilimia 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi, kwenye akiba ya pamoja ya kufidia miti itakayoungua au kukatwa. Ondoeni 15, zibaki tani 2.3. Tuseme hati inauzwa dola 10 na dola ni shilingi 130: shilingi 3,000 kwa mwaka. Hapo hatujamlipa mkaguzi, msajili wala dalali. Mkulima akibaki na nusu, ni shilingi 1,500 kwa ekari kwa mwaka, yaani shilingi 15 kwa mti. Afisa akitaja elfu thelathini kwa ekari, mwombeni afanye hesabu hii mbele ya mkutano, namba kwa namba.

Kuna jambo fomu hazielezi vizuri: fedha haziji sawasawa. Mti wa kipenyo cha sentimita 5 una kilo 5 tu juu ya ardhi, wa 10 una 27, wa 20 una 150. Kipenyo kikizidi maradufu, uzito unazidi zaidi ya mara tano. Miaka minne ya mwanzo, ambayo ndiyo ya kumwagilia, kupalilia na kufukuza mbuzi, karibu haina kaboni ya kuuza. Ndiyo maana mkataba usio na malipo ya awali kwa kila mche unaoishi unawaachia ninyi mzigo wote wa kungoja. Vikundi vya TIST, mpango wa kimataifa wa vikundi vidogo vya wapanda miti, vilivyoanzia Tanzania mwaka 1999 na kuenea kuzunguka Mlima Kenya, hulipa kidogo kila mwaka kwa kila mti ulio hai, kisha asilimia 70 ya faida huenda kwa wakulima. Hicho kiwe kipimo chenu mnapoijadili ofa yoyote.

Halafu kuna mukima wenyewe. Huku kwenu mtu anaupanda kwa mbao, kuni za matawi na kivuli cha kahawa. Mkataba wa miaka 30 bila kukata unaifuta mbao. Linganisheni thamani ya mbao za miaka 12 hadi 15 na hizo shilingi 15 kwa mti kwa mwaka, na mara nyingi mbao itashinda kwa mbali. Basi dai kipengele kinachoruhusu kuvuna kwa zamu, tuseme mti mmoja kati ya kumi kila mwaka mradi upandwe mwingine, na kupunguza matawi bila kuomba ruhusa. Mkikataliwa hilo, kampuni inanunua shamba lenu kwa bei ya hewa.

Sheria nayo ina mtego. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata 2024. Mradi wa ardhi unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na ule usiotumia ardhi, kama wa majiko, angalau 25. Watu wengi wameishika hiyo 40 kama ahadi ya kila mahali. Lakini mkataba wa maendeleo ya jamii unaobeba mgao huo umewekwa kwa ajili ya ardhi ya umma na ya jamii. Nyinyi mna hatimiliki binafsi, kila mtu na kipande chake. Mgao wenu utakuwa ule mtakaouandika. Tena kanuni zinaruhusu gharama za uendeshaji ziondolewe kwanza. Andikeni mgao wenu kama sehemu ya bei ya mauzo, si ya faida, kwa sababu faida hupungua kila gari jipya linaponunuliwa.

Mengine ya kutafuta kwenye fomu: nani anamiliki hati endapo kampuni itafilisika, mkulima akifa au akigawia wanawe, mkataba unawafuata au unakwisha, ukame ukiua miti, nani anapanda upya kwa gharama ya nani, na je, mnaona bei halisi iliyolipwa na mnunuzi? Fomu isiyojibu swali la mwisho, irudisheni.

Nyumbani ni Isiolo, ardhi ni ya jamii na haijasajiliwa. Wazee walitia sahihi hifadhi, sasa twasikia kuna kaboni ya udongo inauzwa. Inawezekana watu watatu wauze kwa niaba ya elfu?
*Mkazi wa Eastleigh*

Kisheria, la. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yaletwe kwenye mkutano wa jamii uliohudhuriwa na theluthi mbili ya watu wazima, na yaidhinishwe na theluthi mbili. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Januari 2025 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha katiba, na mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa kaskazini.

Ila usajili ndio mlango. Jamii isiyosajiliwa haina daftari la wanachama, na bila daftari hakuna anayeweza kusema theluthi mbili ni wangapi. Ardhi hiyo bado inashikiliwa na kaunti kwa dhamana, na fedha zinazoingia huwekwa kwa niaba yenu. Anzeni na daftari. Kaboni ya udongo, yaani ile inayobaki ardhini nyasi zikipumzishwa malisho, ni ngumu kuipima kuliko ya miti: inategemea mifugo imehama kweli kama mpango ulivyoandikwa, na katika mwaka wa ukame kila mfugaji mwenye akili huhamisha ng'ombe kufuata mvua, si kufuata ramani.

Ukitaka kuona mfano mdogo unaosomeka, tazama Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja una hekta 117 za mikoko, umethibitishwa tangu 2013, na huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Msitu ni wa serikali, jamii ina makubaliano ya kuusimamia, na kiwango wanachofuata kinataka angalau asilimia 60 ifike kwa jamii. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule, na wanakijiji ndio hupanga zitumikeje. Ni kiasi kidogo, lakini mtu yeyote wa Gazi au Makongeni anaweza kuuliza shilingi imekwenda wapi akajibiwa.

Nina ekari 60 Kitengela, upande wa mbuga. Madalali wanapiga simu kila wiki. Watu wa hifadhi nao wanasema nisiuze, nisijenge ua, nyumbu wapite. Nipewe hesabu bila huruma.
*Mfugaji, Kajiado*

Mzee, hesabu hii ina umri mrefu kuliko madalali wako. Mwaka 1995 wachumi Mike Norton-Griffiths na Clive Southey walichapisha makadirio ya kile Kenya inachokosa kwa kuacha mbuga, hifadhi na misitu bila kilimo na mifugo: mapato halisi ya dola milioni 203 kwa mwaka. Utalii wa wanyama na misitu kwa pamoja viliingiza mapato halisi ya dola milioni 42. Watu walikasirika, wengine wakasema hesabu imeacha nje maji, mvua na thamani ambayo dunia nzima inaipata kwa kujua kwamba simba yupo. Kweli imeacha. Lakini swali lao lilikuwa ni nani anayebeba pengo hilo, na wewe una jibu: ni mwenye ardhi.

Kwako, pengo linaonekana hivi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Nairobi dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kama shilingi 300 za wakati ule, kwa awamu tatu zilizolenga majira ya karo. Masharti yalikuwa usizungushe ua, usikate vipande, wanyama wapite. Kwa ekari zako 60, dola 240 kwa mwaka. Tuseme leo ekari inauzwa shilingi milioni 2. Ukiiuza na kuweka fedha mahali panapoleta asilimia 10, ekari moja inakupa 200,000 kila mwaka. Hakuna kodi ya hifadhi itakayofika hapo, na anayekuambia itafika anakudanganya.

Basi mpango ule uliwafaa kina nani? Uliwafaa wafugaji, kwa sababu kodi iliruhusu ng'ombe waendelee kulisha. Haikushindana na bei ya ploti, ilijumlishwa juu ya maziwa na nyama. Na hapo ndipo hesabu ya dalali inapokosea: anahesabu ekari yako peke yake. Ng'ombe wako hawalishi kwenye ekari zako 60 tu. Wanavuka kwa jirani, na wake wanavuka kwako. Ua mmoja ukiinuka kila mtu anapoteza njia, si aliyejenga tu. Nyumbu ndivyo walivyo pia. Mbuga yenyewe ni kilomita za mraba 117, na haitoshi kwa kundi linalotoka kutafuta malisho ya mvua upande wa kusini. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake wa 2016 ulionyesha wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya wamepungua kwa asilimia 68 tangu 1977. Ua na vipande vya ardhi ni miongoni mwa sababu.

Kwa maoni yetu kosa la mipango mingi ya kodi ni kulipa bei moja kila ekari. Ekari iliyozungukwa na nyumba za ghorofa haimsaidii nyumbu hata ikiwa wazi, na ile iliyo kati ya ekari mbili zilizo wazi ina thamani mara kadhaa. Wachumi wamependekeza nyongeza: mwenye ardhi alipwe zaidi jirani yake naye akikubali. Jirani huanza kukushawishi badala ya afisa wa hifadhi, na ushoroba, yaani njia ya wanyama, unakaa umeungana. Ukifikiwa na mpango wowote, dai hilo, nyinyi majirani mwende pamoja.

La kufanya sasa, kwa mtazamo wa fedha tupu: usiuze kipande cha katikati. Kama lazima uuze, toa kipande cha barabarani ambacho tayari wanyama hawakipiti, na bei yake ndiyo ya juu. Zilizobaki, ziweke kwenye mkataba wa kodi wa miaka michache unaoongezeka kila mwaka kwa kiasi kilichoandikwa, unaolipwa mwanzoni mwa msimu na si mwishoni, na unaokuruhusu kutoka kwa notisi wafadhili wakichelewa awamu mbili. Fedha za wafadhili hukauka. Fedha za watalii nazo hukauka, tuliona 2020. Usikubali makubaliano ya kudumu yanayoandikwa kwenye hatimiliki kwa malipo ya mara moja, isipokuwa malipo yenyewe yanakaribia tofauti kati ya bei ya ploti na bei ya malisho. Ardhi iliyouzwa hairudi. Iliyokodishwa unaweza kuiuza mwaka ujao, na uwezo huo wa kungoja una thamani hata kama hakuna anayekulipa kwa ajili yake.

Profesa ametuambia wachumi Stern na Nordhaus walitazama joto lilelile la dunia, mmoja akasema tutumie fedha nyingi sasa hivi, mwingine akasema polepole. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Kahawa*

Inawezekana kwa namba moja: kiwango cha kupunguza thamani ya kesho ili ilingane na ya leo. Nicholas Stern, katika ripoti yake ya 2006 kwa serikali ya Uingereza, alitumia asilimia 1.4. William Nordhaus, aliyepata Nobeli 2018, alikuwa anatumia asilimia 4 hadi 5 na zaidi. Chukua hasara ya shilingi milioni moja itakayotokea miaka 100 ijayo. Kwa 1.4, inafaa kuizuia leo kwa shilingi 249,000. Kwa 4.5, kwa shilingi 12,000 na kidogo. Sayansi ya hewa haikubadilika hata chembe.

Anayechagua kiwango kidogo anasema mjukuu ana haki sawa na wewe. Anayechagua kikubwa anasema mjukuu atakuwa tajiri kuliko wewe, na fedha zako zingeweza kuzaa kwingine. Kwenye mtihani andika yote mawili. Kisha uongeze hoja ambayo vitabu vya ng'ambo havina haja nayo: mkulima wa Murang'a anayekopa kwa riba ya 15 anapunguza thamani kwa 15. Shilingi 1,000 za kaboni za mwaka wa 12 kwake ni 187 leo. Serikali inaweza kutumia asilimia 3 kwenye ripoti yake, ila atakayepanda mti au asipande ni yeye. Ndiyo sababu gharama ya madhara ya tani moja ambayo shirika la mazingira la Marekani liliiweka kuwa dola 190 mwaka 2023, kwa kiwango cha asilimia 2, haimfikii mtu wa shambani hata kidogo.

Bili ya maji inapanda, mfereji unatoka mara mbili kwa wiki, halafu nasikia kuna fedha zinapelekwa kwa wakulima wa Murang'a na Nyandarua wachimbe matuta. Hiyo inanihusu nini mimi wa Umoja?
*Mlipa bili*

Inakuhusu kwa sababu asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la Tana, na yanapoteremka hubeba udongo wa mashamba hayo. Udongo ukiingia mtoni, kiwanda cha kusafisha cha Ng'ethu kinatumia dawa zaidi na kusimama mara nyingi kuosha vichujio. Ukituama kwenye bwawa, unapunguza nafasi ya maji. Ndakaini lilijengwa kubeba mita za ujazo milioni 70, na kila lori la tope lililotua chini yake ni maji ambayo hayatahifadhiwa kwa ajili ya ukame.

Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi ulizinduliwa 2015. Hesabu yake ya mwanzo ilisema dola milioni 10 zikiwekwa kwenye matuta, nyasi na miti, faida ndani ya miaka 30 ni dola milioni 21.5, kwa pamoja: kampuni ya maji, uzalishaji wa umeme na wakulima wenyewe. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni mavuno ya wakulima, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: mbona hawachimbi wenyewe? Kwa sababu jasho ni la mwaka huu na mavuno ni ya misimu ijayo, na tuta linakula ardhi katika shamba ambalo tayari ni dogo. Tena sehemu ya faida inakwenda kwako Umoja, na hakuna mkulima anayechimba kwa ajili ya mfereji wa mtu mwingine. Malipo madogo yanavuka hicho kizingiti. Mara nyingi hayawi fedha taslimu bali miche, mbegu ya nyasi na nailoni ya bwawa.

Kwa wale wa upande wa juu wanaosoma hapa: tuta la aina ya fanya juu huanza kwa kuchimba mtaro wa kama sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukitupwa upande wa juu, na matete kupandwa ukingoni mara moja, si baada ya mvua. Matuta mengi hupasuka kwa kosa moja, yaani mtaro haujafuata kontua, ule mstari wa sehemu zenye kimo kimoja. Sehemu moja ikiwa chini kwa sentimita chache tu, maji yote hukusanyika hapo, hubomoa, na tuta la chini yake linafuata. Pimeni kwa fremu ya A (fito tatu zilizofungwa kwa umbo la A, zikining'iniza uzi wenye jiwe) au bomba la maji linaloonyesha ndani, msikadirie kwa macho. Bwawa la nailoni la mita za ujazo 50 linatosha kumwagilia robo ekari ya mboga kwa matone, lita 2,000 kwa siku, siku 25. Bila shimo dogo la kunasa tope mbele ya mlango wake, litajaa udongo kabla halijajilipa. Na zungushieni miiba. Kwato moja ya mbuzi inatosha kutoboa nailoni.

Napika kwa makaa, na kila redio inaniambia naua misitu. Gesi nayo ni ghali. Ipi kweli nafuu? Na kuna vijana wamekuja na jiko la bei ya chini, wanataka kitambulisho na sahihi. Ya nini?
*Mama wa Kayole*

Mama, nenda na mkebe wako wa makaa dukani penye mizani, uujue una kilo ngapi. Kwa jiko la bati, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 hivi za makaa. Kwa jiko la udongo lililotengenezwa vizuri, kilo 3. Tuseme kilo ya makaa ni shilingi 70, na mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 1,300, yaani 217 kwa kilo. Makaa kwenye jiko la udongo: 70 mara 3, ni 210. Mko sare. Kwenye jiko la bati: 280, gesi imeshinda. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya bei nafuu ni kubadilisha jiko, hata kabla ya mtungi.

Unaloliita ghali si bei ya gesi, ni kutoa 1,300 kwa mara moja wakati makaa hununuliwa kwa mkebe. Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu inasaidia hapo, ingawa kilo yake hugharimu zaidi. Serikali nayo imecheza na bei hiyo: VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Wakati huohuo, kuanzia Februari 2018, kukata miti kwenye misitu ya umma kulipigwa marufuku, makaa yakapanda. Kupandisha vyote viwili kwa pamoja kulimbana mama wa mtaani bila kuuponya msitu sana, na hatuoni aibu kusema ilikuwa sera mbaya. Msitu unaumia zaidi kwenye tanuri: tanuri la udongo la kienyeji hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kilo moja ya makaa.

Maharagwe na githeri loweka usiku kucha, upike kwa sufuria ya presha. Ndiyo yanayomaliza mtungi. Na jiko la makaa lisiingie chumbani mlipolala, hata liwe na majivu tu. Sumu yake haina harufu.

Vijana wale wanauza kaboni. Punguzo la bei ya jiko linatokana na hati zitakazouzwa kwa makaa ambayo wewe hutayachoma, na sahihi yako inawapa haki hiyo. Si wizi, lakini jua kwamba utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa ilitoa hati nyingi kupita kiasi, kwa wastani mara 9.2 ya upungufu halisi. Sababu yake utaitambua mara moja: wanahesabu kwamba jiko jipya linatumika kila siku na la zamani limetupwa, wakati nyumba nyingi hupika kwa yote mawili. Wakija kuuliza, waambie ukweli wa jikoni kwako. Kabla ya sahihi, omba nakala ya ukurasa wenye jina la kampuni na muda wa haki hiyo, ipige picha. Namba ya kitambulisho wape, nakala ya kitambulisho usiwape mpaka waeleze kwa maandishi inahifadhiwa wapi. Na uliza kama jiko likivunjika mwaka wa pili watakuja kulitengeneza, maana hati zinauzwa kwa miaka yote ambayo wao wameandika litadumu.